Mashine ya nyasi ya kukalia: stata inasukuma nusu mzunguko halafu inakwama

Mtunza Uwanja (Moshi)

Habari za leo wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na mashine za kukatia nyasi, zile za kukaa juu na kuendesha kama trekta dogo.

Mimi natunza viwanja vya shule ya sekondari huku upande wa Moshi. Mashine yetu ilikuja ikiwa imetumika, kutoka Uingereza. Injini ni ya silinda moja, nguvu farasi 17.5, vali ziko kwenye hedi, inawashwa kwa ufunguo. Nimeitumia misimu mitatu bila matata.

Tatizo ni hili. Nikipiga stata, injini inazunguka kidogo, inafika mahali inakuwa nzito, inakwama kama imegonga ukuta. Naachia ufunguo, narudia. Mwanzoni mara ya tatu au ya nne ilikuwa inapita pale pagumu na kuwaka, na ikishawaka inanguruma vizuri, inakata mpaka jioni. Asubuhi yake yaleyale. Tangu wiki iliyopita haipiti kabisa.

Nimenunua betri mpya. Fundi wa magari hapa jirani akasema stata imechoka, tukabadilisha kaboni zake. Plagi mpya, petroli mpya. Hakuna kilichobadilika. Sasa fundi anasema injini imeshika, yaani imeganda ndani haiwezi kuzunguka, tuiuze vyuma chakavu.

Hapo ndipo nimekataa. Injini iliyokuwa inafanya kazi siku nzima bila moshi inashikaje usiku imelala? Halafu ule uwanja ukoka wake nimeupandikiza mwenyewe, kipande kwa kipande, tukimwagilia kwa ndoo na wanafunzi. Sasa hivi ni masika, nyasi zimefika chini ya magoti, na vijana wanajiandaa na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Tunafyeka kwa fyekeo lakini panabaki mabondemabonde, mpira hautelezi. Nisaidieni kabla mkuu wa shule hajakubali kuiuza.

Waya Mwekundu

Mkuu, kabla ya yote pima umeme. Betri ikiwa imetulia iwe volti 12.6 hivi. Mtu apige stata huku wewe umeshika mita: ikishuka chini ya 9.6, betri au chaji ndiyo shida. Halafu weka waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini penyewe, mpige stata tena. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye chuma) ni mbovu. Hizo mashine zinakaa na unyevu wa nyasi, bolti ya ethi inashika kutu kwa chini na huioni. Hakikisha pia kisu kimezimwa, usije ukawa unapiga stata huku unazungusha na mkanda wa kisu.

Shamba la Chai (Limuru)

Pole sana ndugu yangu. Sisi ilitukuta dalili kama hiyo na ilikuwa kabureta. Sindano ya floti ilikuwa haifungi, petroli ikawa inashuka usiku kutoka kwa tenki hadi ndani ya silinda. Pistoni ikipanda inakuta maji maji, haiwezi kuyakandamiza, injini inasimama tuli. Toa kijiti cha oili unuse. Kama oili imepanda juu ya alama na inanuka petroli, usijaribu kuwasha tena, utapinda konrodi, ule mkono unaobeba pistoni. Mwaga hiyo oili kwanza, tengeneza kabureta, uweke mpya.

Mtunza Uwanja (Moshi)

Asanteni sana. Nimefanya yote leo mchana.

Betri imetulia 12.7. Wakati wa kupiga stata 10.4, na pale inapokwama inashuka mpaka 9.8 hivi. Ethi inasoma 0.2, lakini nimeifungua na kuipiga msasa hata hivyo. Kisu kimezimwa. Oili iko kwenye alama, hainuki petroli.

Kisha nikafungua plagi, nikavuta waya wake mbali, nikapiga stata. Injini ilizunguka kama feni! Haina ugumu wowote, wala hakuna petroli iliyoruka kutoka kwenye tundu. Nikirudisha plagi, inakwama palepale. Kwa hiyo haijashika, au siyo?

Mkata Nyasi Ohio

Kaka, haijashika. Usiuze.

Mimi ni mtu wa Tanga, niko Ohio huku, kazi yangu ni kukata nyasi za watu na kutengeneza hizi mashine tangu 2011. Ugonjwa huo nauona kila majira ya kuchipua, theluji ikiyeyuka na watu wakitoa mashine zao stoo. Na karibu kila mmoja anafika kwangu akiwa ameshanunua betri, wengine na stata mpya kabisa. Kwa hiyo usijilaumu, dalili zenyewe zinadanganya.

Silinda moja kubwa namna hiyo ina mgandamizo mzito kuliko uwezo wa stata yake ndogo. Waliotengeneza injini walilijua hilo, wakaweka kifaa kidogo kwenye kamshafti, mhimili unaofungua vali. Injini ikizunguka taratibu, wakati wa stata, kile kifaa kinainua vali kidogo mno, chini ya milimita moja, pistoni ikiwa inapanda. Upepo kiasi unatoka, stata inapata nafuu. Injini ikishashika kasi kifaa kinajikunja chenyewe na vali inafunga kawaida. Ndiyo maana ikiwaka unaiona nzima.

Sasa vali zikitumika muda mrefu bila kusawazishwa, nafasi ya tapeti, ule upenyo kati ya vali na mkono unaoisukuma, inaongezeka. Kile kifaa kinasukuma, lakini msukumo wote unaishia kwenye ile nafasi iliyolegea, vali haiguswi. Mgandamizo unabaki wote, stata inagonga ukuta. Wewe mwenyewe umeshathibitisha: bila plagi inazunguka, ukiweka plagi inakwama.

Fanya hivi injini ikiwa baridi. Toa ufunguo, plagi iwe nje. Fungua kifuniko cha vali, taratibu, gasketi isichanike. Zungusha injini kwa mkono kutoka juu kwenye feni, kwa mwelekeo wa saa. Weka mrija wa soda kwenye tundu la plagi uone pistoni inavyopanda (usiweke kitu cha chuma, kitakwaruza). Unatafuta pale inapofika juu huku vali zote mbili zimetulia. Pistoni ikifika juu kabisa USIPIME HAPO. Endelea kuzungusha mpaka imeshuka kama milimita 6, robo inchi. Ukipima juu kabisa, kile kifaa kinaweza kuwa bado kinainua vali, utapata kipimo cha uongo. Wengi wanakosea hapa, wanafunga kila kitu, inakwama tena, wanakata tamaa.

Kwa injini nyingi za ukubwa huo, vali ya kuingiza iwe kati ya milimita 0.08 na 0.13, ya ekzosi 0.13 hadi 0.18. Ya kuingiza ni ile ya upande wa kabureta. Namba ya injini imegongwa kwenye bati la juu, ukipata kitabu chake fuata namba za kitabu. Legeza skrubu ya katikati, kaza nati mpaka fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) ipite kwa kukwaruza kidogo, shika nati kwa spana isizunguke, kaza skrubu. Pima tena baada ya kukaza, kwa sababu inahama.

Angalia pia zile fimbo mbili za kusukuma vali. Zibingirishe juu ya kioo, iliyopinda utaiona inarukaruka. Kama nafasi iko sawa na bado inakwama, basi kifaa chenyewe kimevunjika kwenye kamshafti, na hiyo ni kazi ya kufungua injini chini. Lakini naamini hutafika huko.

Mtunza Uwanja (Moshi)

Shikamoo kaka wa Ohio. Naandika mikono ikiwa bado na oili.

Fila geji niliazima kwa kijana wa pikipiki hapa njiani. Ekzosi: niliingiza bati la 0.40 likapita bila hata kugusa. Ya kuingiza 0.25. Nati ya ekzosi ilikuwa inazunguka kwa vidole! Fimbo zote ziko sawa. Nikaweka 0.10 na 0.15 kama ulivyosema, pistoni ikiwa imeshuka, sikupima juu.

Nimepiga stata mara moja tu. Imewaka. Nimeizima, nimeiwasha tena, mara sita, mbele ya yule fundi. Akaomba nimwonyeshe tangu mwanzo, nikafungua kifuniko tukaangalia pamoja.

Jambo lingine: nilipotoa bati la feni nilikuta nyasi kavu zimejaa kwenye mapezi ya silinda, zimekuwa ngumu kama tofali. Misimu mitatu sikuwahi kufungua pale, nilikuwa napuliza kwa juu tu. Je, hilo ndilo limelegeza vali?

Mkata Nyasi Ohio

Marahaba, na hongera sana! Nyasi hizo si lazima ndizo zilizolegeza nati, lakini zinazuia upepo na injini inapata joto kali upande mmoja. Fungua lile bati kila mwanzo wa masika na kabla ya vuli. Tapeti pima tena baada ya saa tano za kazi, nati iliyowahi kulegea inapenda kurudia. Oili weka SAE 30, huko kwenu hakuna baridi ya kukutaka kitu kingine.

Mtunza Uwanja (Moshi)

Nimeandika kwenye daftari la stoo. Nusu ya uwanja imekatwa leo, kisu nimekiweka juu kwa sababu nyasi ni ndefu, kesho nateremsha na kupita tena kwa kukatiza. Mvua imenikuta nikiwa upande wa goli la mlimani.