Prado 150 au Land Cruiser 200? Naombeni ushauri

Habari ndugu zangu. Naomba ushauri wa walioendesha gari hizi mbili za Toyota kwa muda mrefu, si wa kusimuliwa.

Naishi Kampala, na kila likizo tunakwenda kwa wazazi Kisoro: watu saba, mizigo, na kurudi na magunia ya viazi. Lami inafika hadi Kisoro mjini, ila kwetu ni njia ya kuelekea Nkuringo, ya mawe na miinuko, na mvua ikinyesha ni utelezi mtupu.

Prado ya dizeli ya lita 2.8 naipenda kwa mafuta na kwa foleni za hapa mjini. Land Cruiser 200 ina V8 (injini ya silinda nane) ya dizeli ya lita 4.5, nguvu tele, lakini upana wake unakaribia mita 2, na barabara ya nyumbani kwangu magari mawili hupishana kwa kuombana. Tena viti vyake vya nyuma hukunjwa pembeni na kula nafasi ya mizigo. Vya Prado hulala sakafuni. Hilo kwangu ni jambo kubwa.

Ninachoogopa ni hiki: Prado ikijaa watu saba na mizigo kwenye keria, inapanda milima ya Kanaba, kabla ya kufika Kisoro, bila kuhangaika? Baba ni mzee, mgongo unamsumbua, sitaki arushwerushwe.

Pia, kwa V8, sindano za kupulizia dizeli (injekta) na turbo mbili zinagharimu vipi kwa mafundi wa Kampala? Ninaagiza Japani, na sheria ya Uganda ya 2018 hairuhusu kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, kwa hiyo mnielekeze na mwaka wa kutafuta.