Shirika la usafiri linauza ardhi ya umma kwa mkupuo na kuuita mpango huo "chanzo kipya cha mapato"

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu kwa hasira. Shirika la usafiri wa umma ambalo nimelilipa nauli kwa miaka mingi limetangaza kwa majigambo kwamba karakana yake ya zamani ya mabasi itageuzwa makazi. Nilipousoma mpango wenyewe hadi kurasa za mwisho, nilikuta kwamba ardhi inauzwa moja kwa moja kwa mwendelezaji binafsi, fedha zote zinakwenda kuziba pengo la bajeti ya mwaka huu, na idadi ya nyumba za gharama nafuu "itajadiliwa baadaye".

Sipingi mashirika haya kujenga. Huko Japani, Kobayashi Ichizo, mwanzilishi wa reli ya Hankyu, alianza mwaka 1910 kuuza nyumba kandokando ya njia yake kwa malipo ya awamu, na hivyo kila mnunuzi akawa pia abiria. Hong Kong imeligeuza wazo hilo kuwa mfumo kamili: serikali huipa kampuni ya reli ya MTR haki ya kuendeleza viwanja vya stesheni, kampuni huvilipia kwa thamani iliyokuwapo kabla ya reli kufika, waendelezaji hubeba sehemu kubwa ya gharama za ujenzi, kisha kampuni huchukua mgawo wake wa faida na mara nyingi hubaki na maduka ya kupangisha. Ongezeko la thamani la namna hiyo, linaloletwa na huduma ya usafiri yenyewe, ndilo shirika letu linalomwachia mnunuzi. (Nyumba za Hong Kong ni ghali kupindukia, kwa hiyo asije mtu hapa kudai kwamba mfumo huo peke yake humpatia makazi mwenye kipato kidogo.)

Suala la bei nafuu linahitaji sharti lililoandikwa. Shirika la reli la BART, katika eneo la San Francisco, limejiwekea lengo la nyumba 20,000 kwenye ardhi yake ifikapo mwaka 2040, asilimia 35 kati yake zikiwa za bei nafuu, na kwa kawaida hupangisha ardhi kwa mikataba ya muda mrefu badala ya kuiuza. Kama hilo linawezekana, "itajadiliwa baadaye" maana yake ni nini, kama si kwamba haitajadiliwa kamwe?

Kinachonikera zaidi ni karakana yenyewe. Mabasi lazima yalale mahali, na karakana ikihamishiwa pembezoni, kila alfajiri yatasafiri matupu hadi mwanzo wa njia na kila usiku yatarudi matupu, huku dereva akilipwa na mafuta yakiteketea bila abiria hata mmoja. Gharama hiyo itajirudia kila siku kwa miaka yote ijayo, ilhali fedha za mauzo zitakuwa zimeliwa ndani ya mwaka mmoja. Tena mabasi ya umeme yanahitaji nafasi ya vituo vya kuchajia, na siku shirika litakapoitafuta nafasi hiyo katikati ya mji litauziwa kwa bei ambayo halitaimudu. Inawezekana kabisa kuiacha karakana chini na kujenga nyumba juu yake. Ni ghali zaidi, lakini katika mpango huu wote hakuna hata aya moja inayoonyesha kwamba hesabu hiyo ilipigwa.

Isisahaulike pia kwamba ardhi nyingi ya namna hii ilitwaliwa kwa nguvu ya sheria, kwa hoja ya manufaa ya umma, na wenyewe wakafidiwa kwa viwango vya wakati ule.

Nimeliandikia shirika nikiomba ripoti ya uthamini wa kiwanja, sababu za kuchagua kuuza badala ya kupangisha, na makadirio ya gharama za safari hizo tupu. Nimejibiwa kwamba taarifa zote tatu ni siri ya kibiashara.