Mchezaji wangu wa miaka 15 ameandikwa 18 kituoni na mamake hataki kumtoa, nifanyeje?

kocha_wa_mchangani

Habari zenu jamani, naombeni msaada manake hapa nshachanganyikiwa. Mimi nafundisha timu ya vijana huku Mombasa upande wa Kisauni, timu ya mtaa tu hata jezi ni za kuchangishana. Wiki hii wale vijana wa mapanga walipita huku nyuma wakakata watu wakachukua simu, usiku wake polisi wakafanya msako wakazoa kila waliemkuta maskani, yani kijiweni, na mmoja wao ni winga wangu. Ana miaka 15. Alikua gredi ya tisa akaacha katikati, asubuhi anatoka na begi jioni anarudi nalo kumbe kutwa yuko maskani, hilo mimi pia nlikuja kuambiwa na wenzake.

Sasa kituoni wameandika ana 18. Wamepelekwa kortini wote pamoja, korti ikasema wazuiwe siku kadhaa uchunguzi uendelee, na wiki ijayo wanarudishwa kusomewa mashtaka, nasikia ni wizi wa mabavu. Analala seli moja na watu wazima wenye ndevu. Nikienda kumuona naambiwa we ni nani yake, nikisema kocha wanacheka.

Mamake anauza mahamri na viazi karai, nmemfuata nyumbani anasema kocha muache hukohuko, akitoka leo kesho wataniletea maiti, ama raia wamchome ama wale wenzake wammalize kwa kua wanadhani amewataja. Nlikua nimejipanga kubishana nae nikajikuta sina la kusema.

Maswali yangu: mimi si ndugu, naweza kusimama? Umri unarekebishwa vipi? Na akitoka nimfanye nini, manake kumrudisha mtaa uleule naona ni kumrudisha maskani.

mkono_mmoja

Pole kocha lakini mnatuudhi. Ndugu yangu alikatwa na hao hao "watoto", mpaka leo vidole viwili havikunji, na alikua fundi wa kushona. Akishikwa ndo anakua mtoto, akiwa na panga ni mwanamume. Nyinyi mkishawatoa tunaokutana nao usiku ni sisi.

wakili_mpangaji

@kocha tuanze na umri kwanza mengine yote yanafuata hapo, na fanya haraka kabla hajasomewa mashtaka manake karatasi ya mashtaka ikishaandikwa na 18 kuibadilisha inakua safari.

Tafuta cheti cha kuzaliwa. Hakuna? Tafuta ile notisi ya hospitali, kadi ya kliniki ya chanjo, rekodi za skuli, hata kitabu cha ubatizo ama madrasa kinasaidia kua ushahidi. Vikikosekana vyote muombe hakimu aagize apimwe umri hospitali, ni jambo la kawaida na huku kwetu wengi hupelekwa Coast General, wanaangaliwa meno na mifupa. Ila jueni kipimo hicho ni makadirio, kijana wa 16 aliejaa mwili anaweza kutoka na 18, kwa hivo ukiwa na karatasi usikimbilie meno.

Kwa nini umri ni kila kitu: Katiba kifungu cha 53 inasema mtoto asizuiwe ila kama hakuna njia nyingine kabisa, na akizuiwa iwe kwa muda mfupi iwezekanavyo na atengwe na watu wazima. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo imepandisha umri wa kushtakiwa, zamani ilikua miaka 8 sasa ni 12, na wa kati ya 12 na 14 anachukuliwa hajui zuri na baya mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wako wa 15 hayo hayamfikii, kushtakiwa anaweza, lakini ashtakiwe kama mtoto. Mahakama ya watoto haiwezi kumpeleka jela ya wakubwa. Inaweza kumuachilia chini ya mzazi, kumuweka chini ya probesheni, yani anakaa nje akiangaliwa na afisa, kumpeleka skuli ya kurekebisha tabia kama ile ya Likoni, ama Borstal ya Shimo la Tewa, taasisi ya kurekebisha vijana wakubwa kidogo, na huko mwisho ni miaka 3.

Kuna mtego mmoja watu hawaujui. Hata mkithibitisha umri, akibaki kwa karatasi moja ya mashtaka na watu wazima, kesi haiendi Tononoka kwa watoto, itasikizwa huko kwa wakubwa, na hao wakubwa kila mmoja ana wakili wake na visingizio vyake, leo huyu hayuko kesho yule anaumwa, mtoto anazeekea humo. Kwa hivo mkienda ombeni ashtakiwe kivyake.

Wewe kutokua ndugu si kizuizi cha kusimama kortini na kusema namjua mtoto huyu na umri wake ni huu. Unaweza hata kua mdhamini ukiwa na kitambulisho na mali ya kuonyesha. Lakini mzazi akiwepo ni rahisi mara kumi, hilo siwezi kukudanganya. Wakili kama hamna, hakimu anaweza kuagiza apewe, na Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wana ofisi hapa Mombasa, nenda Jumatatu asubuhi usingoje.

Na kama kuna mtu kituoni anakwambia toa kitu kidogo tubadilishe umri, usitoe. Bondi ya polisi ni bure, dhamana ya pesa taslimu lazima upewe risiti.

nilipitia_huko

kocha mimi nlishikwa nikiwa 16 sasa nna familia naendesha tuktuk, ntakwambia kitu kimoja wakili hawezi kukwambia. mle ndani kuna vijana wa aina mbili, wanaoitwa jina siku ya wageni na wasioitwa. wale wasioitwa ndo wanaokotwa na wale wakubwa, wanapewa sabuni, wanapewa mkate, wanaambiwa ukitoka njoo mahali fulani uulize fulani, na ukitoka huna nauli huna pa kulala utaenda wapi kama si kwa huyo alokupa mkate? mimi mamangu alinikasirikia hakuja, alokuja ni jirani yetu mzee mmoja wa msikitini hata hatukua tukisalimiana vizuri, anakuja anakaa anasema mama yako mzima, paka amezaa, basi anaenda. hakunihubiria hata siku moja.

kesi yangu ilikua inasongezwa tu, leo faili haionekani, kesho shahidi hajaja, mara gari la kutuleta halina mafuta. yule asiye na mtu wa kuuliza faili iko wapi yake inakaa chini ya meza. sio ubaya wa watu ni wingi tu, watoto wengi maafisa wachache

so enda kocha, wakicheka nawe cheka uende

Bi_Mstaafu

Mwanangu kocha, mimi nimestaafu kazi ya probesheni, acha nikueleze upande wa ndani.

Polisi akimshika mtoto sheria inamtaka amjulishe mzazi na afisa wa watoto. Sasa huyo afisa wa watoto, wengi wanadhani kazi yake ni watoto waliovunja sheria. La. Mezani kwake mafaili mengi ni ya matunzo, baba amekimbia, mama amekimbia, nani amlee nani atoe karo. Asubuhi yuko na hao, mchana ameitiwa mtoto aliepotea, na huenda anabeba sabkaunti nzima na msaidizi mmoja na gari la kugombania. Ukimngojea akutafute utangoja sana. Nenda ofisini kwake na karatasi mkononi, mwambie kuna mtoto kituo fulani ameandikwa mtu mzima, namba ya OB, ile ya daftari la matukio la polisi, ni hii. Ukimpa vitu ambavyo vimeshakamilika ataviinua leo, ukimpa hadithi ataiandika kwa daftari. Kama humpati piga 116, simu ya msaada wa watoto, ni bure usiku na mchana.

Kesi ikifika kwa hakimu wa watoto, afisa wa probesheni ataambiwa alete ripoti. Hapo ndipo kesi ya mtoto inapoamuliwa hasa, wallahi nawaambia, mawakili watabisha. Anakuja nyumbani, anauliza majirani, mwalimu, chifu, mzee wa mtaa. Nimeandika ripoti nyingi ambazo mahali pa kusema "nani atamsimamia" palikua patupu, na mimi nafanya nini, siwezi kumzua mtu. Pakiwa patupu hakimu atampeleka taasisi hata kama kosa ni dogo, kwa kua hajui amrudishe kwa nani. Wewe unaweza kua jina la pale. Lakini usiseme tu "ntamuangalia". Sema ataamkia wapi, atakula kwa nani, saa za mazoezi ni zipi, nani atampeleka chuo cha ufundi ama kumrudisha skuli, na asipotokea wewe utampigia nani simu.

Kuhusu kuepushwa na korti, wenyewe wanaita daivasheni, kwa shtaka la wizi wa mabavu msiweke matumaini sana. Ila mwendesha mashtaka akiona kumbe mtoto alikutwa maskani tu hana panga hana simu ya mtu, shtaka linaweza kushuka ama kufutwa, na hapo mlango unafunguka. Na hiyo daivasheni yataka mtoto mwenyewe akubali kwa hiari alichokifanya, na mzazi awepo. Msimlazimishe kukubali ambalo hakulifanya ili tu atoke, nimeyaona hayo na mwisho wake si mzuri.

Mamake sijamlaumu. Hakusema hamtaki, amesema anaogopa maiti. Basi msimpelekee habari ya kumtoa, mpelekeeni habari ya pa kumuweka. Kuna mjomba Kwale? Shangazi Taita? Hakimu anaweza kukubali mtoto akae kwa jamaa nje ya mtaa bora anuani ijulikane na arudi siku ya kesi.

ummu_salim

Naunga mkono Bi Mstaafu. Kocha na usiende wewe kwa yule mama, umeenda washakuona yatosha. Tuma mwanamke, tena anaefanya biashara kama yake, aende asubuhi akae nae pale kwenye karai amsaidie kukunja mahamri. Mama anaeuza njiani siku ya korti ni siku asiyouza, na ukienda korti saa mbili unatoka saa nane umeambiwa rudi mwezi ujao. Mchango wenu wa kwanza usiwe wakili uwe ile siku yake ya mauzo. Mimi ningeanzia hapo.

mkono_mmoja

Nimesoma yote. Bi Mstaafu sijakataa unayosema lakini mbona hamna hata mmoja alieuliza habari za waliokatwa? Huyo mtoto kama alikuwepo anawajua. Hao wakubwa wanaowapa mapanga mbona hawamo kwenye msako, wanashikwa watoto wa maskani, walio nazo hizo simu wanakunywa chai.

Bi_Mstaafu

@mkono_mmoja umesema kweli na pole kwa ndugu yako. Kwenye ripoti tulikua tunatakiwa kumhoji na aliedhuriwa, na mara nyingi hatukufika, ilikua ni muda tu. Wewe una haki ya kuuliza afisa anaepeleleza kesi imefika wapi na kusikizwa kortini pia, usikae ukidhani korti ni ya washtakiwa. Kuhusu kuwataja wakubwa, tuwe waangalifu, mtoto asihojiwe peke yake bila mzazi ama wakili, na mtu asianze kumuuliza majina dirishani pa seli na wenzake wanasikia. Hapo ndo hiyo maiti anayoiogopa mamake inapotoka.

kocha_wa_mchangani

Ahsanteni sana. Nmefanya hivi: mke wangu ameenda kwa mama, amekubali kuja korti ila amesema hatoi neno mbele ya watu. Cheti hakijapatikana lakini kadi ya kliniki ipo, imechakaa lakini tarehe inaonekana. Mjomba yuko Msambweni ni mvuvi, amesema alete lakini akija na tabia za town atamrudisha. Afisa wa watoto nlimkuta, ni mtu mzuri tu, amechoka, alinisikiza huku anaandika ya mtu mwingine, nlipotoa kadi ya kliniki akaacha kuandika.

La mwisho, wenzake wananiambia siku hizi alikua anatumia, sijui ni muguka tu ama ni unga, yani heroini. Niseme kortini ama ninyamaze?

wakili_mpangaji

Usiliseme wewe mbele ya korti wazi na usilifiche pia. Mwambie afisa wa probesheni akija, liingie kwa ripoti kama jambo la kutibiwa. Uliza MEWA na Reachout, wale wanaosaidia waraibu, mapema kama wanachukua wa umri wake, ili hakimu akiuliza "mnapendekeza nini" usianze kukuna kichwa.

nilipitia_huko

na kama ni unga msambweni kwa mjomba bila matibabu hakai wiki, atapanda matatu ya likoni usiku. uliza kwanza

wakili_mpangaji

Kweli kabisa. Na kocha hiyo kadi ya kliniki usimpe mtu yeyote ya asli. Toa nakala, moja ya mwendesha mashtaka, moja ya korti, moja ya afisa wa watoto, ya asli aje nayo mamake mkononi na aionyeshe akiulizwa. Ikipotea hiyo tunarudi kwenye meno.