Chukudu ya LEGO: usukani unaanguka

Fundi wa Katindo: Ndugu zangu, najenga kwa LEGO chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kama ile ya sanamu ya dhahabu pale mzunguko wa Rond-point Chukudu, hapa Goma. Matofali ya plastiki nayachambua kwenye mitumba soko la Virunga, mchanganyiko mtupu. Ubao wa kubebea makaa uko imara, lakini usukani nikiulaza kidogo unaanguka. Nitie gundi?

Mtoto wa Himbi: Gundi hapana, kaka! Ukishagundisha basi, hufumui tena. Angalia vile vinundu vya juu ya tofali: ya kweli yameandikwa LEGO. Yasiyo na jina yatoe kwenye maungio, yafiche ndani ya ubao. Uzee si shida. Tofali la 1958 bado linashikana na la leo.

Mzee wa Birere: Tumia bawaba, kijana. Chini yake pandisha kwa vibapa vyembamba: vitatu vikipandana ni sawa na kimo cha tofali moja, milimita 9.6. Dhahabu utaipata wapi lakini? Mimi ningeweka njano.

Fundi wa Katindo: Njano ninayo tele, mzee. Bawaba ndizo mdogo wangu kafungia mlango wa gereji yake ya LEGO. Jioni nazidai.