Nimepiga gitaa kwenye rekodi nyingi Kisumu na Nakuru, jina langu halipo: nianzie wapi?

SoloWaKondele: Wadau, salamu. Napiga solo na ridhimu za benga studio, Kisumu na mara nyingine Nakuru. Nalipwa nikimaliza, wimbo unatoka, kisha wanaotajwa ni mwimbaji na prodyuza tu. Mkataba wa maandishi sina. Nataka orodha ya kazi zangu inayoweza kuthibitishwa, tena nijue kama nina haki ya pesa nyingine.

FundiMitambo: Ndugu, anza na ISRC. Ni kitambulisho cha rekodi chenye alama 12, na prodyuza anaiona kwenye akaunti ya msambazaji wake, yaani kampuni inayopeleka nyimbo zake kwenye majukwaa ya mtandaoni. Usitegemee jina la wimbo, maana wimbo huingia studio kwa jina moja ukatoka kwa jingine, na toleo fupi la redio lina ISRC yake tofauti na lile refu.

Fungua jedwali: tarehe, studio, jina la muda, jina la mwisho, ISRC, msanii, prodyuza, ala, na sehemu uliyopiga. Usiandike "gitaa" tu. Andika "solo, utangulizi na klaimaksi" au "ridhimu, wimbo mzima". Kazi za zamani, omba sauti ya gitaa lako peke yake itolewe kwenye faili ya WAV kabla prodyuza hajafuta mradi. Diski za studio hujaa, na miradi ya zamani ndiyo hufutwa kwanza.

BezistiNakuru: Naongezea: chagua tahajia moja ya jina na usiibadilishe. Ukiandikwa "Junior" hapa na "Jnr" pale, mifumo inakuhesabu watu wawili.

MwanaHaki_Kakamega: Kutajwa na kulipwa ni mambo mawili, tusiyachanganye.

Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001, mpigaji ala ni mtendaji (anayeimba au kupiga ala) mwenye haki zake, hata kama hakutunga chochote. Rekodi ikichezwa redioni au hotelini, kuna malipo yanayokusanywa kwa niaba ya watendaji na ya wenye rekodi. Ili fungu lako likufikie, jiunge na chama cha watendaji chenye leseni ya KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kisha sajili kila rekodi kwa ISRC na ala uliyopiga. Leseni hizo hutolewa kwa kipindi maalum, kwa hivyo hakikisha kwanza ni chama kipi kinayo sasa.

Pesa za Spotify na wenzake hupitia kwa msambazaji hadi kwa mwenye rekodi. Mpigaji hapati kitu huko isipokuwa mlikubaliana.

Halafu benga ina jambo lake. Solo ndiyo hubeba wimbo, na kwenye klaimaksi mwimbaji hunyamaza gitaa likaongea. Kama ule mstari wa solo umeubuni wewe, una hoja ya kuhesabiwa mtunzi mwenza. Asilimia hiyo ijadiliwe siku ileile ya kurekodi na iandikwe, kwa sababu wimbo ukishavuma hakuna atakayekubali kugawa.

SoloWaKondele: Asanteni sana. Prodyuza mmoja anadai wimbo ukishatoka majina hayabadiliki.

FundiMitambo: Yanabadilika. Anaomba msambazaji arekebishe taarifa za washiriki bila kugusa sauti. Asiushushe wimbo na kuupakia upya, maana akisahau kuingiza ISRC ya zamani utapewa mpya, na usajili wako utabaki kwenye rekodi isiyochezwa tena.

Wakati unasubiri, ingiza kazi zako MusicBrainz, hifadhidata ya muziki mtandaoni, ambako ala huunganishwa na rekodi yenyewe. Discogs, hifadhidata nyingine ya aina hiyo, inafaa pia, hasa kwa CD na kanda, na inaruhusu tahajia zote za jina kuelekezwa kwa mtu mmoja.

MwanaHaki_Kakamega: Kuanzia sasa, karatasi moja kabla ya kuchomeka gitaa: majina kamili, wimbo, sehemu utakayopiga, kiasi na tarehe ya malipo, utakavyotajwa, na kama malipo ni ya wimbo huo mmoja tu. Hicho cha mwisho ni muhimu, la sivyo mstari wako utakatwa na kutumiwa kwenye wimbo wa mtu mwingine. Wote wawili mtie sahihi. Wakikukabidhi fomu ya kuhamisha haki zako zote, soma kwanza: uhamisho wa hakimiliki hufanywa kwa maandishi, na sahihi yako ndiyo inayouwezesha.

Kwa kazi zilizopita, mtumie prodyuza ujumbe wa WhatsApp ukitaja wimbo, tarehe na ulichopiga, umwombe athibitishe. Jibu lake lihifadhi pamoja na ujumbe wa M-Pesa wa malipo.