Riaseti za GSX-R750 ya 2008: ninunue za aina gani?

Mpanda_Escarpment (Nairobi)

Salaam kwenu nyote. Ninaomba ushauri kabla sijatoa fedha. Ninaendesha Suzuki GSX-R750 ya mwaka 2008 ambayo bado ina vikanyagio vyake vya kiwandani, na kwa muda sasa ninafikiria kuifunga riaseti, yaani ile seti nzima ya vikanyagio, mabamba yanayovishikilia, pedali ya breki na leva ya gia, inayoipeleka miguu juu zaidi na nyuma zaidi. Sababu yangu kubwa ni kwamba ninapoilaza pikipiki kwenye kona za barabara ya Magadi, ncha ya kikanyagio cha kulia hugusa lami, na mara nyingine buti ndilo linalotangulia kugusa. Mimi ni mrefu, futi sita na inchi moja, na magoti yangu hayapendi safari ndefu.

Nimeona seti za aina tatu. Ya kwanza haina jina la mtengenezaji, ina matundu mengi ya kurekebishia na rangi inayong'aa, na bei yake ni kama robo ya nyingine. Ya pili ni ya Woodcraft ya Marekani, isiyo na madoido. Ya tatu ni ya Gilles Tooling ya Luxembourg, ambayo nikijumlisha usafiri na ushuru inanitia kizunguzungu. Je, tofauti hii ya bei ina maana yoyote kwa mtu asiyeshindana, au nitakuwa ninalipia jina tu?

Fundi_Bolti (Nakuru)

Ndugu yangu, kabla hatujafika kwenye majina, chuchumaa kando ya pikipiki yako uvitazame vikanyagio ulivyo navyo. Kizazi hicho cha GSX-R kilitoka kiwandani na vikanyagio vinavyoweza kuhamishwa katika nafasi tatu, ndani ya milimita 14, kwa kimo na kwa kwenda mbele au nyuma. Wamiliki wengi hawajui hata kwamba bolti zile hufunguliwa. Vipeleke kwenye nafasi ya juu, urekebishe kimo cha leva ya gia na pedali ya breki ili vifuate mguu wako, kisha uende Magadi na kurudi. Ikiwa magoti yako yatalalamika kwa tofauti hiyo ndogo, basi riaseti inayopandisha zaidi ya hapo itakutesa, iwe ya bei rahisi au ya bei ghali.

Jambo la pili ni springi ya nyuma. Kikanyagio hugusa lami mapema ikiwa springi imelegea au haijakazwa kulingana na uzito wa mwendeshaji, kwa sababu pikipiki huwa imekaa chini hata kabla ya kona kuanza. Mwombe mwenzako apime umbali kutoka kwenye ekseli ya nyuma hadi sehemu fulani ya mkia, kwanza gurudumu likiwa limeinuliwa kabisa, kisha wewe ukiwa umeketi na mavazi yako yote ya safari. Kwa pikipiki ya mbio inayotumika barabarani, tofauti ya milimita 30 hadi 40 ndiyo inayokubalika; ukipata 50 na zaidi, tatizo lako si vikanyagio. Ama hilo la buti kugusa kwanza, nina shaka kwamba unakanyaga kwa katikati ya unyayo. Ukiingia kwenye kona, kikanyagio kiwe chini ya sehemu ya mbele ya unyayo, pale vidole vinapoanzia, na buti litaondoka njiani lenyewe.

Baada ya hayo yote, ikiwa bado unataka kununua, fedha yako itaenda katika mambo mawili. La kwanza ni chuma chenyewe. Seti nzuri hukerezwa kutoka kwenye bonge la alumini, kwa kawaida ya daraja la 6061-T6, au 7075-T6 ambayo ina nguvu zaidi, ilhali baadhi ya zile zisizo na jina zina sehemu zilizosubiwa, yaani zilizomiminwa kwenye kalibu, nazo hukatika ghafla bila hata kupinda kwanza. La pili ni egemeo la leva ya gia. Ishike leva ikiwa mpya uitikise kushoto na kulia: ikicheza leo, baada ya vumbi la Magadi itacheza maradufu, na utaanza kupata gia za uongo, yaani gia isiyoingia sawasawa, katikati ya kona. Beringi zilizofungwa vizuri, au bushi ya shaba inayoweza kubadilishwa, ndiyo ninayoitafuta mimi kabla ya rangi. Na usivutiwe na wingi wa matundu, kwani kila bamba la kurekebishia linaongeza kiungo kingine na bolti nyingine za kulegea.

Mpwani_wa_Ghuba (Dubai)

Ninaunga mkono aliyoyasema Fundi, nami niongeze upande wa kuanguka, kwa kuwa ninaendesha zaidi katika uwanja wa Dubai Autodrome na huko kuanguka ni sehemu ya mchezo. Swali la kwanza ninalomuuliza muuzaji ni kama anauza kikanyagio kimoja kimoja, leva peke yake na bamba peke yake. Sifa kubwa ya Woodcraft ni kwamba karibu kila kipande kinanunuliwa pekee, kwa hiyo ukiangukia upande wa kulia unaagiza kikanyagio na labda ncha ya pedali, wala hununui seti upya. Seti isiyo na jina ikivunjika kipande kimoja huwa imekufa yote, na hapo ile robo ya bei huanza kujirudia.

Wengi wetu uwanjani tunapenda vikanyagio visivyokunjika kwa sababu mguu unahisi pikipiki vizuri zaidi na hakuna bawaba ya kulegea. Kanuni za FIM, shirikisho la kimataifa la michezo ya pikipiki, zinaruhusu aina zote mbili, mradi ile inayokunjika irudi mahali pake yenyewe, na ncha iwe ya mviringo wenye nusu kipenyo kisichopungua milimita 8. Chunguza ncha hiyo hata kama hushindani: ncha kali huchimba lami na kuirusha pikipiki ambayo ingeteleza tu.

Ukifikiria kugeuza mpangilio wa gia ili gia ya kwanza iwe juu na nyingine chini, hakikisha kwamba fimbo ya gia haitakwaruza fremu. Na kama umefunga kibadilisha gia cha haraka (quickshifter), kifaa kinachokuwezesha kupandisha gia bila kushika klachi, kumbuka kwamba sensa zake nyingi huhisi ama kusukumwa au kuvutwa, si vyote viwili. Ukigeuza mpangilio, sensa inaweza kukaa kimya kabisa.

Binti_Lami (Dar es Salaam)

Kaka wa Dubai, kwa uwanjani sina neno, lakini kwa barabara za kwetu vikanyagio visivyokunjika siviafiki. Ukipita katikati ya foleni ya magari na bajaji, miguu inashuka na kupanda kila wakati, na kile chuma kigumu chenye meno kinakupiga kwenye muundi kila unapoisukuma pikipiki kurudi nyuma. Zaidi ya hayo, muulizaji hajatuambia kama hubeba abiria. Seti nyingi za mbio hazina nafasi ya vikanyagio vya abiria, na kwenye baadhi ya pikipiki bamba hilo hilo la abiria ndilo linaloshikilia eksozi, hivyo ukiling'oa inakubidi utafute mshikio mwingine.

Mpanda_Escarpment (Nairobi)

Nawashukuru sana. Abiria huwa simbebi. Nimefungua bolti na kweli nafasi tatu zipo, na vikanyagio vilikuwa kwenye ya chini kabisa. Nitapima springi Jumamosi. Nimebakiwa na swali moja tu: nikija kununua ya Woodcraft, taa ya breki ya nyuma itafanyaje kazi, ikiwa pedali mpya haina pa kuning'iniza springi ndogo ya swichi?

Fundi_Bolti (Nakuru)

Unaondoa swichi ile ya springi na kuweka swichi ya shinikizo, ambayo ni bolti yenye tundu inayoingia mahali pa bolti ya mpira wa mafuta ya breki juu ya masta silinda ya nyuma, ile pampu ndogo inayosukuma mafuta ya breki. Ukikanyaga, shinikizo la mafuta huwasha taa. Hakikisha meno ya bolti hiyo yanalingana na ya zamani, tumia washa mpya za shaba, kisha utoe hewa kwenye mfumo.

Ukimaliza, rekebisha fimbo inayosukuma masta silinda, na hapa usiwe na haraka. Pedali ikiwa imeachwa, fimbo ibaki na nafasi kidogo, uisikie ikicheza kwa kidole kabla haijaanza kusukuma. Ikibana, pistoni haitarudi hadi mwisho, mafuta yatakosa njia ya kurudi kwenye kikopo, na kadiri breki inavyopata joto yatatanuka na kuikaza breki yenyewe. Zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono kabla ya kutoka, halafu simama baada ya kilomita chache uiguse diski kwa tone la maji. Likichemka na hukuitumia breki ya nyuma, rudi ukaifupishe fimbo.