Mzee anapaliwa kila akinywa maji toka apate stroku, naombeni ushauri

BintiMkubwa
Habari za humu wakuu. Baba yangu ana miaka 74, alipata stroku mwezi wa pili, mkono umeanza kurudi kidogo kidogo na kuongea anaongea ila kwa kukokota. Shida ni kumeza. Ugali laini na mlenda anakula fresh tu, lakini akinywa maji au chai anapaliwa, anakohoa mpaka machozi yanamtoka, na akimaliza sauti inakuwa kama ina maji maji ndani. Amekonda suruali zinamvuka. Siku ya kuruhusiwa hospitali tuliambiwa "mpeni vyakula laini" basi. Nimeona YouTube kuna mazoezi ya kumeza, kuna mtu yamemsaidia mzee wake?

Mtu_Pwani
Pole sana dada. Mpe tangawizi ya moto na asali, na akinywa ainue kichwa juu maji yashuke yenyewe.

NesiWaWodi
Mtu_Pwani utamuua mzee wa watu 😅 Akiinua kichwa ndo njia ya hewa inabaki wazi na maji yanateremka kwa kasi. Na koo lake halijaziba, ni misuli na neva zimechelewa, tangawizi haiwezi kitu hapo.

BintiMkubwa sikia, maji ni mepesi yanawahi kufika kabla koo halijafunga njia ya hewa, ndo maana mlenda unapita yeye anapaliwa na maji. Hiyo sauti ya maji maji ndo inanitisha zaidi ya kikohozi, maana yake kuna kitu kimebaki juu ya kisanduku cha sauti, mwambie akohoe ameze tena. Akae wima kabisa sio kulala kwenye mito, ainamishe kidevu kifuani wakati wa kumeza (wengi inawasaidia ila sio wote), kijiko cha chai kimoja kimoja, TV izimwe, na asilale mpaka ipite nusu saa. Halafu mswaki asubuhi na jioni hata kama meno yameisha, sababu mate yenye bakteria yakiingia mapafuni ndo nimonia yenyewe. Ukiona homa, kifua kinakoroma au anapumua haraka usije humu kuuliza, mpeleke. Na wengine huwa hawakohoi kabisa, chakula au maji yanaingia mapafuni kimya kimya.

Mangi_wa_Kibosho
Mama yangu alipitia hiyo. Sisi tulienda kwa daktari wa masikio, pua na koo akapitishwa kamera ndogo puani huku anameza, kuna na eksirei ya video mgonjwa anameza bariamu (dawa nyeupe inayoonekana kwenye eksirei). Muhimbili, KCMC na Bugando wana idara hiyo, komaa upewe rufaa, na uliza kama kuna mtaalamu wa tiba ya usemi maana ndo hao hao wanaoshughulika na kumeza, ila ni wachache mno nchi hii.

Mazoezi aliyopewa: kumeza mate kwa nguvu zote kama anameza kidonge kikubwa. La pili anang'ata ncha ya ulimi taratibu kwa meno ya mbele halafu anameza mate, hili HALIFANYWI na chakula mdomoni. La tatu ni la daktari Reza Shaker wa Marekani, unalala chali bila mto, unanyanyua kichwa tu uangalie vidole vya miguu bila mabega kutoka kitandani, dakika moja, unapumzika dakika moja, mara tatu, halafu unanyanyua na kushusha mara 30. Kutwa mara tatu, wiki sita. Mama dakika hakuifikisha alianza na sekunde chache tu.

NesiWaWodi
Hilo la Shaker mwenye shida ya shingo asiguse, na wenye presha au moyo daktari aseme kwanza. Ndo maana nasema kipimo kwanza, YouTube haijui misuli gani ya mzee imelegea.

BintiMkubwa
Asanteni sana jamani. Mzee uji mzito hataki kuusikia, anadai chai yake. Na dawa za presha nasaga nachanganya na maji, sawa?

NesiWaWodi
Hapana!! Kama ni nifedipine ya retard (dawa ya presha iliyotengenezwa itoke taratibu) ukiisaga dawa yote inaingia kwa mkupuo presha inaporomoka. Beba vidonge vyote kwa mfamasia akwambie kipi kinasagika, hicho mpe na kijiko cha mtindi mzito sio maji.

Chai unaweza kuifanya nzito kwa wanga, ila mate yanaiyeyusha, kijiko kilichotoka mdomoni usikirudishe kikombeni, tumia kingine. Angalia na mkojo, ukiwa wa njano iliyokolea ujue maji hayamtoshi.

Mtu_Pwani
Nimekoma na tangawizi yangu. Ila parachichi la kuponda anaweza?

Mangi_wa_Kibosho
Anaweza, na mtori pia, ila nyama isagwe kabisa. Wali mkavu, karanga na bisi sahau kwa sasa, na supu yenye vipande ndani ndo mbaya kuliko zote, mchuzi unatangulia yeye bado anatafuta kutafuna.